Mbona Hatupungui na Chakula Hatuli?

Kila Jumapili ya mwisho wa mwezi, ibada ikishamalizika, sisi wauguzi wachache wa usharika wetu huweka meza chini ya mwembe nyuma ya kanisa. Juu ya meza kuna mashine ya kupimia presha, daftari na futi ya fundi cherehani, na pembeni kuna mzani. Akina mama huja kwa wingi kuliko akina baba. Wengine huja kwa hofu na wengine kwa utani, na karibu kila mmoja kabla ya kupanda mzani huvua viatu, huvua kitambaa cha kichwani, na kama angeweza angevua hata hereni ili uzito upungue kidogo.

Jumapili moja alikuja mama mwenye watoto wanne, mwenye duka dogo sokoni. Uzito wake ulikuwa kilo 84, kiuno sentimita 98, na presha 158/96. Tulimpumzisha kwenye kiti, tukampima tena. Haikushuka. Alikaa kimya, kisha akasema kwa sauti ya chini:

“Mama yangu alianguka jikoni kwa kiharusi akiwa na miaka 52. Mimi natimiza 44 mwaka huu. Nisaidieni, manesi. Lakini msiniambie nipunguze kula, kwa maana sili. Nakula mara moja tu kwa siku, chakula cha jioni.”

“Dada, hatukuambii upunguze kula,” tulimjibu. “Tusimulie tu kila kitu kilichopita kinywani mwako tangu jana alfajiri.”

Akaanza kusimulia. Alfajiri, wakati akiwaandaa watoto kwenda shule, alikunywa vikombe viwili vya chai ya maziwa. Mtoto wa mwisho alibakiza nusu andazi, naye akalimalizia kwa sababu kutupa chakula ni vibaya. Saa nne dukani alikunywa chai nyingine na kula kitumbua, “ya kusogeza muda tu.” Mchana hakula, ila alionja mchuzi, akakwangua ukoko wa wali na kusafisha sahani ya mtoto. Saa kumi alifika mgeni, akamnunulia soda, na kwa heshima naye akanywa moja. Jioni alikunywa kikombe kingine cha chai huku akipika chapati, na ile ya kwanza iliyochanika akaila pale pale jikoni. Saa tatu usiku mume wake aliporudi, ndipo wakakaa mezani kula kile alichokiita chakula cha siku.

Alipofika hapo akaanza kucheka mwenyewe. “Kumbe nakula kutwa nzima!”

Tulicheka pamoja naye. Lakini baadaye, tulipokuwa tukifunga meza, tulitazamana na kukubali kwamba siku yake haikuwa tofauti sana na siku zetu. Nasi tunaowafundisha wengine tunamalizia sahani za watoto wetu, na tukiwa zamu ya usiku tunakunywa chai yenye sukari nyingi ili tusisinzie. Kwa hiyo tunapoandika makala hii hatumnyoshei mtu kidole. Tunajisema pamoja nanyi.

Mafuta ya mwili ni akiba

Mwili unapopata nishati kuliko unayotumia, huiweka akiba kama mkulima awekavyo mahindi ghalani. Akiba hiyo ndiyo mafuta. Nishati hupimwa kwa kalori. Gramu moja ya sukari au wanga ina kalori 4, lakini gramu moja ya mafuta ina kalori 9. Kilo moja ya mafuta ya mwili huhifadhi kalori zaidi ya 7,000. Ndiyo maana hayaji kwa siku moja, wala hayaondoki kwa wiki moja ya kujinyima.

Mafuta yanayotutia wasiwasi zaidi ni yale ya tumboni, kwa sababu yanaandamana na presha, kisukari na magonjwa ya moyo. Chukua futi ya cherehani, uizungushe katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, bila kuvuta tumbo ndani. Kwa mwanamke, hatari huanza kuongezeka kiuno kinapozidi sentimita 80, na huwa kubwa zaidi kinapopita sentimita 88.

Wala jambo hili si la mtu mmoja. Utafiti wa kitaifa wa afya uliofanyika Tanzania mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba kati ya wanawake 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49, 28 walikuwa na uzito uliozidi au unene. Kenya, katika utafiti wa namna hiyo wa mwaka 2014, walikuwa 33. Hawa wote si walafi. Wengi ni akina mama wanaojitahidi, ila wamezungukwa na mazoea madogo ambayo hakuna anayeyahesabu. Hebu tuyatazame moja baada ya jingine.

Chai na soda hazihesabiwi

Tukiulizwa tumekula nini, tunataja ugali na mboga. Hakuna anayetaja chai. Yule mama alikunywa vikombe vinne kwa siku, na kila kikombe alitia vijiko vitatu vya sukari. Hivyo ni vijiko 12. Shirika la Afya Duniani mwaka 2015 lilishauri kwamba mtu mzima, ikiwezekana, asizidishe gramu 25 za sukari ya kuongezwa kwa siku, yaani kama vijiko sita vya chai visivyojaa kilima. Naye alikuwa amefikisha mara mbili kabla hatujagusa ile soda. Soda ya kola ina gramu 10 na kitu za sukari katika kila mililita 100, kwa hiyo chupa ya mililita 300 ni kama vijiko vinane.

Ubaya wa sukari ya kunywa ni kwamba haishibishi. Tumbo halikumbuki kwamba limepokea kitu, na chakula cha jioni kinaliwa kama kawaida. Hata juisi ya matunda tunayoisifu, tukishaichuja na kuiongeza sukari, imebaki maji matamu, maana zile nyuzinyuzi zinazoshibisha tumezitupa.

Usiache sukari yote kwa siku moja kisha ukate tamaa. Punguza nusu kijiko kila wiki. Baada ya mwezi mmoja au miwili ulimi utazoea, na chai ya zamani utaiona tamu kupita kiasi. Mgeni akija, mkaribishe soda kama ni desturi ya nyumba yako, nawe unywe maji. Hatakuona umemdharau.

Mkono unaomimina mafuta

Wengi wetu tulijifunza kupika kwa kutazama, na mkono wetu ndio kipimo chetu. Tunashika kidumu, tunamimina mpaka tuone sufuria inang’aa. Mboga inaungwa kwa mafuta, kisha inaongezwa nazi au karanga. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kupikia kina kalori 120 hivi, yawe ya alizeti, ya mawese au ya gharama kubwa dukani. Kuandikwa kwamba hayana lehemu hakuyapunguzii kalori hata moja.

Ili ujue hali ya nyumba yako, andika kwenye kidumu tarehe uliyokifungua. Tuseme kidumu cha lita 5 kinaisha kwa wiki tatu katika nyumba ya watu sita. Ukigawanya, kila mmoja, pamoja na mtoto mdogo, amekula mililita 40 hivi kila siku, sawa na kalori zaidi ya 300. Kidumu hicho hicho kikidumu wiki tano, kila mtu atakuwa amepunguziwa sehemu mbili kati ya tano, na pesa yako imebaki mfukoni.

Weka kijiko karibu na kidumu, na mafuta yapimwe kabla hayajaingia jikoni. Kama una dada wa kazi, mwelekeze kwa upole, umwonyeshe mwenyewe. Chemsha samaki au mchome badala ya kumkaanga kila siku. Ukitia nazi, huhitaji tena mafuta mengi ya kuungia.

Mama ndiye pipa la nyumba?

Tumelelewa tusitupe chakula, na hilo ni jema. Lakini makombo ya watoto wanne yakiishia kwa mama mmoja, huyo mama anakula mlo mwingine mzima bila kuketi. Kuonja nako, kijiko kwa kijiko, hujaza sahani.

Suluhisho ni kupakua kidogo, kisha kuongeza anayehitaji. Kilichobaki sufuriani hakijachafuliwa, kinaweza kufunikwa na kupashwa moto vizuri kesho yake. Kilichobaki kwenye sahani, kuku wapo. Tena tujifunze kula tukiwa tumekaa, kwa sahani yetu wenyewe. Kula kwa pamoja katika sinia kunajenga upendo, lakini ni vigumu kujua umekula kiasi gani, hasa tukila haraka. Tumbo huchukua kama dakika 20 kuupa ubongo habari kwamba limeshiba. Anayemaliza kwa dakika tano hujaza nafasi ambayo ilikwisha kujaa.

Kushinda na njaa, kufidia usiku

Akina mama wengi wakitaka kupungua huanza kwa kuacha kifungua kinywa na chakula cha mchana. Kuacha mlo peke yake hakunenepeshi mtu. Shida ni kinachofuata. Njaa ya kutwa hutafuta njia. Itapita kwenye karanga za dukani, kwenye mihogo ya kukaanga ya kituoni, na hatimaye saa tatu usiku kwenye mlima wa ugali ambao hata aliyelima shamba zima asingeumaliza. Kisha tunalala.

Ni afadhali kula milo mitatu ya kiasi kuliko mmoja wa kulipiza kisasi. Asubuhi yai la kuchemsha, au kiazi kitamu, au uji usio na sukari nyingi. Mchana na jioni nusu ya sahani iwe mboga, robo iwe maharage, dagaa, samaki au nyama, na robo iliyobaki ndiyo iwe ya ugali, wali au ndizi. Maharage na mboga hushibisha kwa muda mrefu, na havihitaji mshahara mkubwa.

Kazi zimepungua, sahani haijapungua

Mama zetu waliamka na jembe. Walichota maji mtoni, walitwanga, walibeba kuni, na walitembea kwenda sokoni na kurudi na mzigo kichwani. Sahani yao kubwa ilikuwa na kazi yake. Leo wengi wetu tulio mjini tuna bomba uani, unga unatoka mashineni, tunapikia gesi, na safari ya dakika kumi tunaiita bodaboda. Hatusemi turudi kwenye taabu ile. Tunasema tu kwamba tumerithi sahani ya mama bila kurithi jembe lake.

Wataalamu, katika mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020, wanashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mwendo wa kutosha kwa wiki. Ni nusu saa kwa siku tano. Lakini tusijidanganye. Mama wa kilo 75 akitembea kwa haraka nusu saa huchoma kalori 130 hadi 160 hivi, na chapati moja ya mafuta inaweza kuzirudisha zote na zaidi. Kutembea kunaimarisha moyo, kunasaidia presha na kuleta usingizi mzuri, lakini hakufuti kila kilicholiwa. Miguu na sahani lazima visaidiane.

Usingizi na mawazo

Mama hulala wa mwisho na huamka wa kwanza. Saa tano usiku bado anapiga pasi sare za shule, au anatazama tamthilia kwa sababu ndiyo saa pekee aliyopata kuwa peke yake. Kukosa usingizi huvuruga homoni zinazosimamia njaa na shibe. Anayelala saa tano kila siku hutamani vitamu na vya mafuta kuliko anayelala saa saba. Na mawazo ya ada, ya mtoto anayeumwa au ya mume asiyesema neno, mara nyingi tunayatuliza kwa kutafuna.

Hapa baba wa nyumba anaweza kusaidia. Mweleze siku ametulia, usimweleze kwa lawama. Akichukua kazi moja tu ya usiku, amekuongezea afya. Na uchungu ulio moyoni, mpe dada unayemwamini. Andazi haliwezi kuubeba.

Maneno ya watu

Kuna zoea jingine lisilo la jikoni. Kwetu mama akinenepa anaambiwa, “Umependeza, bwana anakutunza!” Akipungua wanamuuliza kwa kunong’ona kama anaumwa, au kama nyumbani kuna amani. Miaka ile ukimwi ulipokuwa hauna dawa, kupungua kulitisha ukoo mzima, na hofu hiyo bado tunayo. Tumewaona akina mama walioanza vizuri wakarudia mafuta na sukari kwa sababu wifi alisema, “Umekwisha wewe!”

Mzazi naye hulishwa mtori, supu na uji mzito, na ni sawa, kwa maana kunyonyesha hutumia takriban kalori 500 kwa siku. Lakini mtoto akishaachishwa ziwa, mama anaendelea kula kama mzazi mpaka mimba nyingine. Tujifunze kumwambia mwenzetu, “Nakuona una nguvu,” badala ya kupima upendo wa mume wake kwa upana wa kiuno chake.

Njia za mkato

Tunaulizwa sana kuhusu majani ya kupunguza mwili, vidonge vya mitaani, maji ya ndimu na mikanda ya tumbo. Chai inayoharisha inatoa maji mwilini, na maji hayo yanarudi ukinywa tena. Ndimu haiyeyushi mafuta. Mkanda unabana tumbo, hauliondoi. Na vidonge visivyojulikana vimetengenezwa na nini vinaweza kudhuru moyo, ini au figo. Pesa hiyo nunua mboga.

Lakini pia si kila unene ni wa mazoea. Baadhi ya dawa huongeza uzito, na sindano ya uzazi wa mpango huweza kufanya hivyo kwa baadhi ya wanawake. Tezi ya shingo ikilegea nayo huleta unene na uchovu. Usiache dawa wala sindano kwa uamuzi wako mwenyewe. Nenda kituo cha afya, ueleze, upewe ushauri. Mjamzito asijaribu kupunguza uzito, na anayenyonyesha au mwenye kisukari azungumze na mhudumu wa afya kwanza.

Tuanzie wapi?

Yule mama tulimwandikia barua ya kwenda hospitali Jumatatu yake. Alipimwa, akaanzishiwa dawa ya presha. Tulimwomba achague mambo mawili tu ya kubadilisha, siyo kumi. Akachagua sukari ya chai na kijiko cha mafuta. Mwezi wa pili akaongeza kula mchana. Mwezi wa tatu akaanza kurudi nyumbani kutoka dukani kwa miguu, yeye na jirani yake.

Haikuwa rahisi. Mwezi wa nne hakupungua hata nusu kilo, akalia mbele ya mzani. Wakati wa harusi ya mdogo wake aliongezeka kidogo. Wifi yake alisema ya kusema. Lakini baada ya miezi saba mzani ulionyesha kilo 79, futi ikasoma sentimita 91, na presha 136/84 akiwa anaendelea na dawa zake. Ukitazama kwa macho tu, utasema bado ni mnene. Lakini kupunguza sehemu 5 hadi 10 tu kati ya 100 za uzito kunasaidia presha na sukari ya damu kwa kiasi cha kuonekana, naye ameshavuka tano. Tulipomsomea namba hizo alisema, “Basi huenda nikaiona 52 nikiwa nasimama.”

Mpendwa dada, usingoje mwaka mpya. Kesho alfajiri chukua daftari la mtoto lililobaki kurasa, uandike kila kinachoingia kinywani kwa siku tatu, pamoja na ukoko, kijiko cha kuonja na nusu andazi. Usimwonyeshe mtu. Siku ya nne lisome, uchague mambo mawili. Na kama hujapima presha mwaka huu, ipime mwezi huu, kwa kuwa presha haina kelele, na wengi wenye nayo hawaumwi kichwa wala kitu chochote.

Mwili tumepewa mmoja, na walio nyumbani wanautegemea. Mungu atusaidie kuutunza bila aibu na bila haraka.